Kioo cha Upande wa Dereva

Assalaamu aleikum, mama zangu, dada zangu na madereva wenzangu. Mwenyekiti wa kikao chetu hiki cha kusimuliana shida ameniomba mara nyingi nisimame, nami nimekuwa nikijificha nyuma ya shughuli. Leo amenishika mkono mbele yenu, sina pa kukimbilia. Nitasema kwa Kiswahili, maana tuna wenzetu hapa wa kutoka Mwingi na Hola ambao Kisomali chao ni cha sokoni tu, na sitaki mtu akae akitazama midomo yangu bila kuelewa. Majina ya watu sitayataja.

Waliotangulia wamesema mambo mazito. Dada mmoja ametueleza jinsi mto ulivyoingia nyumbani kwake. Mzee mmoja amesema juu ya ukame uliomwachia fimbo bila mifugo. Mimi nimesimama kuwaeleza habari ya kioo cha mlango wa pikapu. Chekeni, msijizuie. Hata mimi nilicheka mwanzoni.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kubeba maziwa ya ngamia. Alfajiri natoka hapa mtaani Waberi, naingia njia za porini upande wa Dadaab, nazunguka boma hadi boma nikikusanya mitungi, na kabla jua halijakolea ninakuwa sokoni, nawakabidhi akina mama wanaouza. Kila mtungi una mwenyewe porini na una mwenyewe mjini, na katikati niko mimi. Boma likishamzoea dereva halimbadilishi hivi hivi. Ile njia ndiyo shamba langu na ndiyo mifugo yangu. Nikiipoteza, sina nyingine ya kuwalishia watoto.

Siku hiyo nilikuwa nimewabebea wafugaji chumvi ya mifugo, gunia zima limekaa kwenye kiti cha abiria kama mgeni rasmi. Nikafika kwenye boma la mama mmoja mtu mzima ambaye namwita eeddo, yaani shangazi. Naye ananiita eeddo vilevile, kwa sababu kwetu shangazi na mpwa huitana kwa neno moja. Nilishuka kumsalimia, nikaacha kioo cha upande wangu kimeshuka nusu. Tukiwa kwenye salamu, ngamia wake mmoja jike akaja taratibu, akapitisha kichwa juu ya kile kioo, akavuka kiti changu, akalifikia gunia. Sisi tulisikia kutafuna tu. Mtu akapiga kelele. Ngamia akashtuka, akainua shingo.

Ndugu zangu, shingo ya ngamia na kioo cha nusu, nani atashinda? Kioo kilimwagika punje punje kama mchele, nyingine juu ya kiti, nyingine ndani ya tumbo la mlango.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Eeddo peke yake hakucheka.

"Eeddo, kioo chako!"

"Hakuna neno, eeddo. Ni kioo tu."

"Tukae kwanza tuliongee."

"Maziwa yatachacha, eeddo. Ni kioo tu."

Nikapangusa kiti kwa kanzu, nikapakia mitungi, nikaondoka nikiwapungia mkono. Nilijiona mtu mwema sana asubuhi ile.

Nikafunika dirisha kwa nailoni na mkanda wa gundi. Siku ya kwanza ilikuwa inapiga kelele tu, pa-pa-pa, kama kuku amefungwa miguu. Nikafika kwenye kizuizi cha polisi.

"Dere, umebeba nini?"

"Maziwa, afande."

"Maziwa naona yako nyuma. Hapa mbele umefunika nini?"

"Nazuia vumbi, afande."

"Vumbi liko ndani ama nje?" Wenzake wakaanza kucheka. "Toa hiyo kitu, nataka kuona uso wa mtu."

Alikuwa anafanya kazi yake, simlaumu. Lakini nailoni ukiibandua na kuibandika kila siku, gundi inachoka. Mwisho niliitupa, nikawa naendesha wazi. Mnalijua vumbi la njia zile, lile jekundu jepesi linaloelea hata baada ya gari kupita. Lori likikutangulia, unaendesha ndani ya wingu. Niliufunga uso kwa kitambaa, lakini huwezi kufunga macho na ukaendesha. Jicho la kulia, lililo karibu na dirisha, likaanza kuwasha. Likawa jekundu. Asubuhi nikawa nalifungua kwa maji ya vuguvugu, kope zimegandana kwa tongotongo.

Nesi wa zahanati alinipa dawa ya matone, akanionya waziwazi.

"Dawa hii na vumbi haviwezi kukaa pamoja. Pumzika kuendesha mpaka likauke."

"Nikipumzika, maziwa yatafikaje?"

"Baba, mimi natibu jicho. Maziwa siyajui."

Nikarudi barabarani. Mngefanya nini nyinyi? Mtu anaposimama hapa kueleza shida iliyopita, huonekana kama njia ya kutoka ilikuwa wazi na yeye tu hakuiona. Ukiwa ndani yake huoni njia. Mke wangu alikuwa akinishika kidevu kila jioni na kunigeuza kwenye mwanga, anatazama, anaachia. Jioni moja akasema, "Jicho hili haliko kwenye vumbi tena. Sasa ni ugonjwa." Nikamwambia kioo kiko njiani.

Na kweli nilikuwa nakitafuta. Hapa mjini nilizunguka maduka yote ya vipuri, kioo cha mlango ule hakikuwepo. Nikampigia muuzaji wa Nairobi. Akaniuliza, "Mlango wako una kile kidirisha kidogo cha pembeni ambacho hakishuki, ama ni kioo kimoja kizima?" Mimi nikajibu, "Ni pikapu ya kawaida." Madereva vijana, sikilizeni hapa, hili litawafaa: gari moja, jina moja, linaweza kuwa na milango ya aina mbili. Kabla hujaagiza, simama mbele ya mlango mzima wa upande wa pili, utazame vizuri, ndipo ujibu. Mimi sikutazama. Kioo kikaja kwa basi kimevikwa blanketi kama mtoto mchanga, nikakifungua kwa bismillahi, kikawa kipana kuliko nafasi yake. Kikarudi Nairobi.

Nikangoja tena. Cha pili kikaja sawasawa. Mimi na dereva mwenzangu mmoja tukakifunga wenyewe, haraka haraka, jua likituchoma mgongo. Tuliuvua ubao wa ndani wa mlango, tukakitumbukiza kioo, tukakikalisha kwenye chuma kinachokipandisha, tukarudisha ubao. Kikapanda na kushuka, ingawa kilikuwa kinalia kidogo. Tukasema kitazoea.

Kesho yake niliwasili sokoni, nikashuka, nikaubamiza mlango kama tunavyoubamiza siku zote. Nilisikia mlio mdogo tu, wala haukuwa mkubwa. Nikageuka. Kioo kipya kilikuwa kimevunjika punje punje, nyingi zimelala kwenye mavumbi miguuni pangu.

Baadhi yenu mlikuwepo. Mnakumbuka nilikaa chini kando ya tairi, na mama mmoja akaniuliza kama nimezimia. Sikuzimia. Nilikuwa sina kitu cha kufanya na mikono yangu.

Baada ya hapo sikutafuta kioo kingine. Niliendesha jicho moja likiwa limefumbwa. Nayo maziwa yakaanza kupungua. Nafika kwenye boma nililozoea kupewa mitungi mingi, napewa michache. Nauliza, naambiwa ngamia hawakutoa leo. Boma la pili, vilevile. Nilitazama malisho, mvua ilikuwa imenyesha, majani yapo. Wanawake waliokuwa wakinitania hadi ninapowasha gari, sasa wananipa mitungi na kurudi ndani. Nilijua ninaondolewa kwenye njia yangu, lakini sikujua kosa langu. Nilikuwa nafika nyumbani nalala na viatu.

Wenzetu wa Mwingi, niwaeleze desturi moja. Huku porini, mtu akifika hapewi chai kabla hajatoa habari. Utaulizwa "Warran?" yaani tupe habari, nawe utaanza na "Nabad", amani. Hata kama nyumba imeungua, unaanza na amani, ndipo unaeleza moto. Dereva wa maziwa ndiye redio ya pori: bei za soko, nani amejifungua, mvua imepiga wapi, vyote nilikuwa navipeleka. Habari yangu mwenyewe tu ndiyo nilikuwa naikatia kwenye "Nabad".

Asubuhi moja nilichelewa kumwona mbuzi upande wangu wa kulia. Nilikanyaga breki, gari likayumba, nikasimama naye mbele ya bampa akinitazama. Mbuzi, alhamdulillahi. Nilifikiri, je, angekuwa mtoto? Nikafika kwa eeddo.

Alikuwa amekaa juu ya mtungi wake wa maziwa. Hakuinuka.

"Warran?"

"Nabad, eeddo."

"Nabad nimesikia. Habari?"

"Hakuna. Sokoni ni kuzuri, bei..."

"Sijakuuliza bei. Mimi nauza maziwa tangu hujaota ndevu, nitauliza bei kwako? Jicho lako linalia na dirisha lako halipo. Nipe habari."

"Eeddo, maziwa yatachacha."

"Yachache. Ni yangu."

Naye amekalia mtungi kama hakimu. Nikaanza. Nilianzia kwenye nailoni, nikaja kwenye jicho, kioo kipana, kioo kilichopasuka, mbuzi. Mwanamume mzima nililia mbele ya shangazi wa watu na ngamia zake. Alipoona nimemaliza, akauliza, "Basi kwa nini umetukasirikia?"

"Nimewakasirikia? Mimi?"

"Ngamia wangu alivunja mali yako. Nikakuambia tukae. Ukakataa. Nikangoja uje na mtu wako tuzungumze. Hukuja. Kila asubuhi unapita hapa na mlango mtupu, unaninyamazia. Watu wote wa njia hii wanajua una jambo nami moyoni. Nani ampe maziwa mtu mwenye kinyongo? Wiki hii tulikuwa tunamtafuta dereva mwingine."

Ndugu zangu, alikuwa na haki. Desturi hii nimezaliwa nayo. Mnyama akikuharibia kitu, unamwendea mwenyewe, mnakaa, mnalizungumza. Hata kama hutaki fidia, unalisema, kisha unalisamehe mbele ya watu, likaisha. Ukikataa kukaa, umekataa kupatana. Nilijua hayo, na nimewahi kuwaamulia wengine. Lakini niliona haya kumdai mama anayenipa kikombe cha maziwa kila alfajiri, nikadhani kunyamaza ndio ukarimu. Kumbe kwake nilikuwa nimemfungia mlango.

Akainuka. "Leo huendeshi," akasema, akamwita mpwa wake, mtu mzima mwenye leseni, naye akashika usukani hadi sokoni. Kesho yake mpwa huyo akanipeleka kambini Dagahaley, ambako mkwe wa eeddo ana duka. Nyuma ya duka kuna pikapu iliyokufa zamani, imegeuzwa stoo ya makaa. Haina injini wala matairi, lakini mlango wa dereva ulikuwa na kioo chake kizima. Niliuliza nadaiwa nini. Mkwe akacheka: "Nenda kamuulize ngamia aliyekivunja."

Fundi wa pale alipouvua ubao wa mlango wangu, hakukigusa kioo kwanza. Aliingiza mkono chini kabisa, akatoa konzi ya punje za vioo vyote viwili. Kumbe kioo kipya kilikuwa kinasugua mabaki ya kile cha zamani, na nilipobamiza mlango, ukingo wake ukagonga punje ngumu. Akazoa zote, akazibua vitundu vya chini vya kutolea maji, akapitisha kitambaa kwenye mfereji wa raba hadi juu, akaupaka maji ya sabuni, ndipo akakitumbukiza kioo. Kikapanda bila mlio. Nawaeleza hatua hizi ili siku likikupata usikimbilie kipya kabla hujatoa kilichovunjika.

Jicho lilikaa bila vumbi, dawa ikapata nafasi. Sitawadanganya kwamba limerudi lote. Lina ukungu pembeni, na daktari hajaniahidi kitu. Sehemu ngumu ya njia anaendesha mpwa wa eeddo, na tunagawana kazi. Kuna asubuhi bado naumia nikikumbuka kwamba ningelinusuru kwa mazungumzo ya kikombe kimoja cha chai. Maziwa yamerudi, mtungi kwa mtungi, ila haikuwa kwa siku moja.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru mke wangu kwa kunigeuza kwenye mwanga. Nawashukuru nyinyi akina mama wa soko mliopokea maziwa yaliyochelewa bila kunitukana, na mpwa yule aliyekaa kwenye usukani bila kunifanya nijione mzee. Na eeddo, ambaye hapendi mji na hatasikia haya, ila mtu atampelekea, najua.

Langu kwenu ni hili. Ukiumizwa, hata kidogo, hata na mtu umpendaye, usimwamulie wewe peke yako kwamba hakuna neno. Mpe nafasi ya kukutengenezea. Pengine amekaa huko anaingoja.

Namwona mmoja wenu pale nyuma ameinama tangu nianze. Sikuiti mbele za watu, usiogope. Kesho alfajiri tunatoka na gari, tukibanana kiti cha mbele kina nafasi. Njoo. Safari ni ndefu, na mimi nitakuuliza habari.