Marahaba ya Bibi Mwaija

Ukitaka kujua nchi inaendaje usihangaike na magazeti. Njoo Korogwe mjini, nyuma ya kinyozi, kwenye benchi la Yordani muuza kahawa. Hapo ndipo alipoketi Castory, tunayemwita Mkonge kwa urefu wake na kwa babu yake aliyekuja Mazinde kukata mkonge. Kofia haimtoki kichwani, na jibu halijawahi kumpotea mdomoni. Ila jioni hiyo alikuwa na mzigo. Hilaria Shehoza, yule mtangazaji wa habari za saa mbili, ambaye kabla ya habari yoyote huinama kidogo na kusema, "Wazee wangu mnaonitazama, shikamooni," haonekani tangu Jumapili. Na Bibi Mwaija, mama yake Mkonge, hagusi ugali mpaka aitikie salamu hiyo.

— Jana kaisukuma sahani, alisema Mkonge. Eti huyu mpya anaingia kama askari, hata hodi hana.

— Mwambie Hilaria kaolewa, alisema Nicolaus wa bodaboda, aliyejipa mwenyewe jina la Rubani.

— Nilimwambia. Kaniuliza, ndiyo mume kamkataza kuamkia watu?

Rubani alicheka hadi kahawa ikampalia.

— Mimi nasema ni kifua, alisema Yordani akimimina. Vikongwe wote wa Handeni na Korogwe wanamtupia marahaba kwa mpigo, kila siku. Kifua gani cha binti kitahimili?

— Lakini kainyoosha nchi! alidakia Rubani. Juzi Kwamsisi kitoto kimeniamkia mimi, kikaamkia pikipiki, kikamalizia na mbuzi niliyempakia.

Mkonge akajinyoosha.

— Shikamoo ile nilimfundisha mimi. Kwashemshi, nilipokwenda kununua maharage. Kitoto kina kamasi bado, nikakiambia: binti, inama, usiharakishe. Sasa nawapa siri. Hayupo nchini. Wazungu wamemchukua akawafundishe wajukuu wa mfalme wao kuamkia bibi zao.

— Kwa ndege?

— Ulitaka wampakie kwenye bodaboda yako?

— Basi mpigie, mwalimu. Aongee na mama kwenye simu, bibi ale.

Mkonge akakohoa.

— Huko aliko mtandao unasumbua.

Pembeni alikuwepo Lomayani, mfugaji wa Handeni aliyeshuka kwa ajili ya mnada wa ng'ombe, fimbo katikati ya magoti. Alipofika aliwaamkia, wala hakuna aliyemsikia kwa kelele za ubishi. Akaweka kikombe chini.

— Samahani, wazee. Kwetu mtoto huinamisha kichwa, mkubwa akakigusa, ndipo siku inaanza. Nauliza tu. Huyo mama hana mtoto nyumbani?

Rubani akatazama ndani ya kikombe chake. Yordani akainamisha birika. Yakatoka machicha tu. Mkonge akahesabu siku zake. Ukiacha jana, kila siku huondoka nyumbani mama amelala, na kurudi mama ameshalala. Katikati yake ni benchi.

Akasimama. Kashata yake ikabaki nusu.

— Unakwenda wapi, Mkonge? Habari bado hazijaanza!

— Ndiyo maana nawahi, alisema, na kofia alikuwa ameshaivua, ameishika mkononi.