Jicho la Kadzo

Ndugu zangu, Bwana wetu apewe sifa. Mimi ni Mama Kadzo, muuza mboga wa Kakuyuni. Nimesimama kushuhudia, ingawa ushuhuda wangu ni mchungu.

Binti yangu Kadzo alipofika miaka mitatu, jicho lake la kushoto lilianza kukimbilia puani. Niliona aibu. Nilimpeleka kwenye maombi, tukafunga siku tatu. Jicho lilipobaki vile vile, nikasema mtoto ni mkaidi. Wageni wakija nilimwambia, "Inamisha uso." Akimimina chai ikamwagika nje ya kikombe, nilimpiga kofi. "Tazama sawasawa, wewe!"

Hivyo ndivyo alivyokua.

Mwaka huu, Kadzo akiwa na miaka kumi na moja, muuguzi alikuja shuleni kwao na simu yenye programu ya kupima macho. Alimpiga picha kila mtoto, na simu ikaonyesha ni nani macho yake hayatazami pamoja. Mwalimu akaniita. Nilikwenda nimekasirika, nikidhani Kadzo amefanya utundu.

"Haya ni makengeza, Mama Kadzo," muuguzi aliniambia. "Mpeleke hospitali."

Huko Malindi daktari alimpima kwa muda mrefu. "Mama, ubongo wake ulishazoea kulipuuza jicho hili," akasema. "Tungeweza kulisaidia alipokuwa mdogo. Sasa tutalinyoosha, lakini kuona vizuri, sidhani."

Kadzo alikuwa amekaa kando yangu. Akauliza polepole, "Mama, kwa hiyo sikuwa nafanya makusudi?"



Siku ile ya shuleni muuguzi alimpima pia mdogo wake Kadzo, Sidi, aliye chekechea. Mimi sikuwa nimeona kasoro yoyote kwake, lakini simu iliiona. Sasa Sidi anavaa miwani, na jicho lake lililo zima huzibwa kwa kibandiko ili lile dhaifu lifanye kazi. Linapata nguvu. Anayembandika kila asubuhi ni Kadzo.

Namshukuru Mungu kwa Sidi. Namshukuru kwa kunitoa katika aibu na ujinga wangu, ingawa aliyeumia kwa ujinga huo si mimi. Nilimwomba Kadzo msamaha. Mpaka leo hajanijibu. Sitamharakisha.

Wewe mwenye mtoto kama wangu, mtumaini Mungu. Lakini usingoje umalize kufunga. Mpeleke mtoto akapimwe, nawe uombe mkiwa njiani.