Papa Jacob na Sahihi Aliyoifuta

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja katika bureau yetu ya vipimo hapa Butembo, Papa Jacob Mathe anastaafu. Anaondoka na mwavuli, redio na sifa ya kutokukosea hata siku moja. Mwavuli na redio ni vyake kweli.

Alianza kwa kupima mikono ya watoto kwa utepe, ili aliyekonda apate uji wa lishe. Kisha zikaja kamera ndogo zinazosoma umbali wa kila kitu kilicho mbele yake, zikakadiria unene wa mkono bila kuugusa. Papa Jacob akapewa kazi ya kuchunguza kama zinasema kweli. Akaanza na tumbo lake mwenyewe, amelivuta ndani mpaka macho yakamtoka. Kamera ikataja unene uliomkasirisha, akaitangaza mbovu. Falonne, mwenzetu wa maabara, akaleta utepe. Vipimo vikalingana. Bureau ilicheka juma zima.

Ili kicheko kiishe, alijaribu harakaharaka mikono yetu sisi wa ofisini, mikavu kama kuni, akatia sahihi kwamba kamera ni sawa. Zikapelekwa Beni.

Kule Bungulu, mtaa wa Beni, akina mama wakisikia habari ya foto, watoto hupakwa mafuta mpaka wang'ae. Mng'ao ule ukazichanganya kamera, mikono myembamba ikasomeka minene. Agar, mtoto wa miaka miwili, akaonekana amenona, akanyimwa uji. Papa Jacob alipofika kulalamikia mafuta, mama yake Agar alimjibu mbele ya watu: "Mulisema mutapiga batoto foto. Tubalete bachafu?"

Papa Jacob akatoa utepe. Akampima Agar, akaona alivyokonda, akarudi Butembo siku hiyohiyo. Mkuu wetu alimwomba anyamaze kidogo, kwani wageni waliotoa kamera walikuwa njiani. Tulidhani atanyamaza: heshima yake aliipenda kuliko chakula, na chakula tunajua alivyokipenda. Badala yake alisimama mbele ya wageni hao, akasema alitia sahihi kwa aibu ya tumbo lake, akaifuta. Kamera zikarudishwa kwenye majaribio, Agar akarudishiwa uji. Mkuu aliudhika, ndiyo maana leo tunaagana kwa soda bila nyama.

Papa Jacob, majivuno yako yalituchosha, na tutayakosa. Nenda salama kwenu Kayna, Mungu akupe afya na miaka mingi ya kupumzika. Sahihi zako nyingine tumekwisha kuzisahau. Kwa ile uliyoifuta, aksanti sana.