Risala ya Kumuaga Dkt. Stumai, Aliyeyaonyesha Maumivu Yetu

Mgeni rasmi, Dkt. Stumai, binti wa Kondoa na mwana wetu sote: wazee wetu wanasema marahaba hata kabla hujawaamkia. Karibu Makole.

TULIKOTOKA
Sisi ni wagonjwa thelathini na mmoja wa baridi yabisi. Kabla hujaja, tuliitwa wavivu. Mwenzetu Hilaria, mkulima wa zabibu kule Msalato, mwaka mzima aliamka na vidole vilivyokakamaa. Alipopigwa eksirei, akaambiwa mifupa ni mizima. Mama mkwe wake, Bibi Anjelina, akasema, "Ugonjwa gani huu, unaamka saa za kulima na kupoa saa za kula?"

ULICHOTUFANYIA
Siku ile ulipitisha altrasaundi juu ya vidole vya Hilaria. Bibi Anjelina, aliyekuja kuthibitisha kwamba mkwewe ni mwongo, akaona wekundu ukimetameta kwenye skrini.

"Hicho chekundu ni nini, daktari?"

"Ni damu, bibi. Imejaa pale ugonjwa unapowaka. Na hapa, unaona kapengo haka? Mfupa umeanza kuliwa. Eksirei haikukaona."

Bibi akatwaa mkoba wa Hilaria, akautia begani kwake. "Nilikukosea, mwanangu."

Baada ya miezi sita ya dawa ulipima tena. Wekundu umetoweka, pengo halijaongezeka. Leo Hilaria anapogoa mizabibu, na Bibi Anjelina ndiye anayepita mitaani kuwaleta kliniki wanaoitwa wavivu.

CHANGAMOTO
Mzee Zablon, fundi cherehani, alichelewa kufika kwako. Vidole vyake vilikuwa vimeshapinda, na dawa hazikuvinyoosha. Yupo hapa, mstari wa mbele, anakusalimu.

Mashine ipo, lakini anayejua kuitumia kwenye viungo ni wewe peke yako. Na Jumatatu unakwenda masomoni Dar es Salaam, miaka mitatu.

MAOMBI
Kwanza, umfundishe Ignas wetu, mpigaji wa eksirei, hata kwa simu, mpaka mkono wake uzoee. Yuko tayari; anaona haya tu kukuomba.

Pili, ule vizuri huko. Umekonda.

Ombi la tatu tuliliandika, tukalifuta. Lilikuwa la kukuomba usiende. Bibi Anjelina alitukatalia: "Mtoto anayekwenda kusoma hashikwi nguo."

Basi nenda, mwanetu. Mungu akutangulie njiani, akufungulie vitabu, na akurudishe kwetu salama.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Wenye Baridi Yabisi, Makole, Dodoma.