Krenki Iliyolia Vizuri

Jumamosi ya mashindano ya magari Iringa, krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ya gari la kaka yangu Liberatus ilikatika kwenye kona, magurudumu yakagoma, gari likatumbukia korongoni. Tangu siku hiyo kiti chake mezani hakikaliwi.

Jana, kwenye basi la Mbalizi, mzee aliyekaa mbele yangu alipakata krenki mpya ndani ya gunia. Jirani yake, muuza spea, akaomba kuiona. "Mzee wangu, hii ya gari gani?"

"Ya mwanangu, anashindana mwezi ujao. Kesho fundi anaifunga, na turbo kubwa."

"Basi haitabeba nguvu ya turbo. Hiki ni chuma cha kumimina, ona mshono wa kalibu ulivyo mwembamba. Turbo inataka chuma cha kufuliwa kwa nyundo."

"Nimeining'iniza kwa kamba nikaigonga na spana. Ililia kama kengele ya misa!"

"Ikilia ujue haina ufa tu. Haikwambii itabeba nini."

"Wewe unatafuta mteja, kijana." Watu wakacheka.

"Sawa, chekeni. Yule wa Ilomba aliyefia Iringa je?"

"Yule? Sifa ndizo zilizomuua."

Hawakuwahi kumwona, lakini sababu ya kifo chake walikuwa nayo.

Nikamwinamia mzee. "Baba, yule ni kaka yangu. Krenki yake nayo aliigonga hivyohivyo uani. Ililia vizuri, niliisikia nikiwa jikoni."

"Pole, mwanangu," akasema, akifunga gunia.

Basi likasimama. Akashuka na gunia begani.

Krenki inafungwa leo.