Mzee Bapa, Aliyebeba Keki Miaka Kumi na Mmoja

Kwa masikitiko makubwa, na kwa aibu ambayo mpaka sasa haijapata pa kukaa, familia ya mwoka keki inautangazia umma kifo cha Mzee Bapa, springi za nyuma za pikapu ya nyumba hii, kilichotokea Jumamosi tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi, gerejini, kwa mashine ya kukatia chuma. Marehemu hakuwa na kosa. Aliyemtoa roho ndiye anayewasomea wasifu huu. Humu ataitwa Kishindo, jina alilojipa mwenyewe uwanjani, na atasemwa kama mtu mwingine, kwa kuwa ndivyo alivyoamriwa na mkewe: "Jiseme kama unavyomsema jirani. Hapo huwa huna huruma."

Marehemu alizaliwa kiwandani mwaka 1996, pacha, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, ila familia iliwahesabu kuwa mtu mmoja, kama suruali ilivyo moja japo ina miguu miwili. Kila upande ulikuwa na vyuma sita vya bapa, kirefu juu, kifupi chini, vimelaliana kama ndugu wa chumba kimoja. Hakuwa na uso wala tumbo. Mwili wake wote ulikuwa mgongo.

Hakuona ubao wa darasa. Elimu yake aliipata kwa mwenye pikapu wa kwanza, muuza saruji, ambaye kila alipoambiwa kwamba gari limezidiwa alijibu, "Mbona matairi bado yanaonekana?" Katika shule hiyo marehemu alihitimu bila cheti, akiwa amejua somo moja tu: kuinama bila kuvunjika. Wapo wenye joho na kofia ambao hawajalifikia.

Tarehe 2 Juni 2013 pikapu ilinunuliwa na Kishindo, fundi wa kupaka rangi kwa kazi yake, na Mzee Bapa akaajiriwa na mke wa Kishindo kubeba keki. Siku sita kwa wiki alitoka nyumbani, akapita matuta mawili ya barabarani, akafika kumbini. Kwa kila tuta alisema neno lake moja, "Nyii," kwa sauti ya mtu aliyeamshwa bila sababu, kisha akanyamaza. Safari ya kwanza ya keki ya ghorofa tatu, mwoka keki alipanda nyuma akaikumbatia njia nzima. Walipofika, kilichokuwa kimeanguka ni kilemba chake mwenyewe. "Mzee huyu ana adabu kukushinda," alimwambia mumewe, na tangu siku hiyo hakupanda nyuma tena. Mwaka 2015 kopo la rangi ya waridi ya kupambia keki lilimmwagikia marehemu upande wa kulia. Doa halikutoka. Alilivaa kama nishani.

Kishindo, kwa furaha ya biashara hiyo, alichora kibao kwa mkono wake: KEKI ZINAZOSIMAMA. Akakifunga juu ya mlango kwa skrubu nne. Zikumbukeni skrubu hizo.

Kuhusu ndoa, marehemu alifungwa na ekseli ya nyuma kwa bolti zilizopindwa, na hakuitamani ekseli nyingine. Wakaishi kwa amani hadi alipoingia mtu wa tatu, naye ni mbio.

Nje ya mji kuna uwanja wa ndege ambao ndege zimeusahau. Jumapili magari mawili hupangwa sambamba, taa huwashwa, na kila moja hukimbia mita mia nne moja kwa moja. Hakuna kona wala ujanja. Kishindo alitia pikapu injini kubwa kuliko akili yake, akaenda. Injini ilipovuta, vyuma vya Mzee Bapa vilijipinda kama nyoka, ekseli ikataka kugeuka juu chini, na matairi ya nyuma yakarukaruka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Aliyemshinda ni mkunga mstaafu, ndani ya gari la kupelekea wajukuu shuleni. Mama huyo alishusha kioo, akamtazama kwa upole wa kazi yake ya zamani.

"Pole mwanangu. Umetanguliza matako. Enzi zangu ningekugeuza."

Uwanja mzima ulisikia. Hapo ndipo Mzee Bapa alipougua, na ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye kichwa cha Kishindo.

Jumatatu alimwendea fundi wa magari aitwaye Profesa, kwa kuwa hajibu swali bila kuuliza jingine.

"Nataka nyuma isirukeruke," alisema Kishindo. "Mwondoe mzee huyu."

Profesa alilala chini ya gari akatazama, akatoka na majani kichwani. "Njia ziko tatu. Ya kwanza, mzee abaki, tumfungie vyuma viwili vya kuishika ekseli isijipinde. Hutakuwa wa kwanza kila Jumapili, lakini mzigo utabebeka. Ya pili, fito nne zenye mpira kwenye maungio, na springi za kujiviringa. Hiyo inapimika, inarekebishika, mbio utakwenda na barabarani utakwenda. Ila inataka subira. Wiki tatu gari liko juu ya mawe."

"Na ya tatu?"

"Pembetatu mbili za chuma, zimeshika ekseli kama koleo, maungio chuma kwa chuma. Taa ikiwaka unaondoka kama uliyesingiziwa wizi. Lakini kwenye tuta, kila kinachoipata barabara kinakupata wewe na ulichobeba."

"Hiyo ya tatu itakuwa tayari lini?"

"Wiki ina siku ngapi?"

"Saba."

"Za keki?"

"Sita."

"Basi umeshachagua, hujajua tu. Hesabu siku, usihesabu makofi. Usiache mbachao kwa msala upitao, bwana."

"Profesa, sikuja kufuata methali. Jumapili nakimbia."

Jumamosi marehemu alikatwa bolti na kulazwa sakafuni, doa lake la waridi likitazama juu. Profesa alikataa kumbeba. Kishindo mwenyewe alimpeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akamwuza kwa kilo. Mkewe hakuambiwa. Jumapili Kishindo alimshinda mkunga. Watu tisa walipiga makofi, na mmoja wao alikuwa akiua mbu.

Jumatatu ilibebwa keki ya mahafali. Ilifika ikiwa uji wenye rangi.

"Njiani kulikuwaje?" mkewe aliuliza, ameshika sanduku lililolowa.

Kishindo alikuwa na sentensi nzima mdomoni. Akaimeza, akatoa nyingine. "Njia ni ile ile. Labda unga. Unga wa siku hizi si wenyewe."

Mwoka keki akabadili unga. Keki ya pili, ya harusi, iliinama kwenye tuta la kwanza, ikalala kwenye la pili. Kishindo akasema labda mayai. Mkewe akabadili mayai. Ya tatu ilipoanguka alilaumu oveni, na alipoona oveni haitoshi, akasema neno ambalo wasifu huu unaliandika kwa kuwa mkewe ameagiza liandikwe: "Labda mkono umechoka, mke wangu. Umri nao."

Ya nne ilikuwa ya kutimiza miaka sabini ya mama mkwe wake. Mama aliila kwa kijiko, akafuta mdomo. "Tamu. Ila nilitamani keki."

Watu wakacheka. Mwoka keki hakucheka. Kuanzia siku ile alipima unga kwa kijiko cha dawa. Aliitazama mikono yake kabla ya kuvunja yai, kama mtu anayetazama wafanyakazi anaowashuku. Wateja walipopiga simu alisema nafasi zimejaa, akakaa kando ya jiko lisilo na moto, amevaa aproni. Na Kishindo, ambaye dawa ya yote ilikuwa kinywani mwake, alipita mlangoni akiuliza kama kuna chai.

Jumamosi tarehe 18 Mei mkewe alimwita nje. Alikuwa ameegemeza ngazi ukutani na ameshika bisibisi.

"Nishikie ngazi. Naondoa kibao."

Kishindo alishika. Skrubu ya kwanza ilidondoka kwenye kiatu chake. Akaitazama. Ya pili ikadondoka. Alikohoa.

"Unasemaje?" mkewe aliuliza kutoka juu.

"Nasema shikilia vizuri."

Ya tatu ikadondoka, na kibao kikaning'inia upande, herufi alizozichora mwenyewe zikimtazama kichwa chini. Bisibisi iliingia kwenye ya nne. Ikazunguka mara moja, mara mbili. Ilipokuwa inaning'inia kwa uzi wa mwisho, Kishindo alisema, kwa sauti ambayo haikuwa ya jina lake:

"Si unga."

Bisibisi ikasimama.

"Si mayai wala oveni. Mkono wako hauna kosa. Nilimwondoa Mzee Bapa ili nimshinde bibi mmoja mita mia nne. Nilijua tangu keki ya kwanza."

Mkewe alishuka polepole, akampita bila kumgusa. Mlangoni akageuka. "Utaandika wasifu wake. Utausoma mbele ya mama, na mbele ya wote walioitwa kula keki wakaletewa uji."

Ndiyo sababu mko hapa, uani, kwenye viti vya kukodi.

Marehemu ameacha mjane, ekseli, ambaye hajafurahi hata siku moja katika nyumba yake mpya. Ameacha shokamzoba mbili, alizosaidiana nazo kutuliza mitikisiko, matuta mawili yatakayokumbuka sauti yake, na mwoka keki, aliyeaminiwa na chuma kuliko alivyoaminiwa na mumewe. Ameacha pia Kishindo, ambaye angependa kuachwa nje ya orodha. Mola ampe Mzee Bapa barabara isiyo na matuta, na awape waliobaki uso wa kutazamana.

*

Yafuatayo yameongezwa baada ya maziko kushindikana.

Msomaji alipofika hapo alikunja karatasi. Mama mkwe akainua mkono.

"Mkwe, mwili uko wapi?"

"Mama, niliuuza kwa kilo. Pengine umeshayeyushwa."

"Uko stoo," alisema mkewe, bila kuinuka kitini. "Nyuma ya magunia ya unga."

Mama mkwe akageuka kumtazama bintiye.

"Tarehe 15 Mei nilipeleka trei zangu kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Baada ya unga, mayai, oveni na mkono, nilidhani zilizobaki ni trei. Nikaona doa la waridi kwenye lundo lake. Zile trei nikazibadilisha na mzee."

"Tarehe 15?" Kishindo alihesabu kwa vidole. "Kwa hiyo siku ya kibao ulikuwa unajua?"

"Nilikupa skrubu nne," alisema mkewe. "Umetumia zote."

Hakuna aliyecheka, hata mkunga, aliyekuwa amealikwa kama shahidi. Kishindo alivua koti la msiba, akaenda stoo, akambeba Mzee Bapa mgongoni, upande mmoja mmoja. Profesa alilala chini ya gari na nguo zake nzuri. Pembetatu ziling'olewa, na vikafungwa vyuma viwili vya kuishika ekseli, ile njia ya kwanza kabisa aliyoshauriwa mwezi Machi.

Jumatatu walitoka na keki ya ghorofa tatu, deni la yule bibi harusi wa keki ya pili. Mkewe alikaa mbele, mikono mapajani, macho njiani. Kabla ya tuta la kwanza Kishindo alipunguza mwendo, akasafisha koo.

"Mke wangu, nisamehe."

Mkewe alitazama dirishani.

"Mzee Bapa, na wewe nisamehe. Nilikukata mchana kweupe, nikaacha mkono usio na kosa ubebe lawama. Mbele ya keki hii naapa..."

Gari likapanda tuta, likashuka. Keki ilisimama.

"Nyii," alisema Mzee Bapa.