Kadi ya Megabaiti Nne

Mwaka 1998, siku chache baada ya kumzika dada yangu, nilipanda basi la mchana kutoka Kericho kwenda Bomet. Mbele yangu Kiptum, mchapishaji wa vijitabu vya programu za mazishi, alikuwa amepakata boksi lenye kadi mpya ya kuonyesha picha kwenye kompyuta yake. Jirani yake, mwalimu Omwenga, alikuwa amenunua ya kwake.

"Yako ni megabaiti ngapi?" akauliza Omwenga.

"Nne."

"Pole. Yangu ni nane. Gari za gemu zinakimbia bila kukwama."

"Mwalimu, marehemu wangu hakimbii. Anataka rangi yake tu."

Kiptum akaeleza kwamba kadi yake ya zamani ilikuwa na rangi mia mbili hamsini na sita pekee. Jumatatu mama mmoja alikuja kuuona uso wa mwanawe kwenye skrini kabla ya kuchapishwa, kama wafanyavyo wote. Akaona mabaka. Akasema huyo si mtoto wake, na hakuna kuchapisha. Na mazishi ni kesho.

"Lakini si unachapisha nyeusi na nyeupe?"

"Ndiyo. Ila lazima amtambue kwanza."

Omwenga akaigonga kadi yake kwa kidole. "Bado nane ni nane, bwana. Mwaka ujao watataka video."

"Wakitaka, nitanunua hiyo yako ikiwa kuukuu."

Bado walikuwa wakibishana basi liliposimama Bomet. Mama mmoja mzee alikuwa akingoja mlangoni mwa basi. "Imekuja? Sasa nitamwona mwanangu?" akauliza. Kiptum akampa boksi. Akalipokea kwa mikono miwili, akatangulia kwenda dukani kwa Kiptum.